Mama, mwambie Shangazi mtoto nitamkanda mwenyewe

Göteborg, Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, hofu yetu ni kwako na huo mguu. Rehema anakuamkia. Wajina wako alipimwa Jumatatu, ana kilo 5 na gramu 300. Mtoto aliyezaliwa na gramu 1,640, Mama! Muuguzi mwenyewe alirudia kutazama mizani.

Ujumbe wa Omari wa pikipiki nimeuona, nitaujibu huko chini. Kwanza la Shangazi, maana tangu Ijumaa silali vizuri. Ile sauti aliyoituma kwenye kundi la ukoo imesikilizwa na kila mtu, mpaka wakwe zangu wa Muheza. Eti nimekaliwa na mke. Eti mwanamume mzima anashinda ndani anampaka mtoto mafuta, mkewe yuko chuoni, ndiyo sababu hela haiji. Akamalizia kwamba mtoto atakuwa na viungo vizito kwa kuwa hakupata mkono wa mwanamke wa kumnyoosha. Nilitaka kumjibu palepale, Rehema akanizuia. Ndiyo maana nakuandikia wewe, umsomee mkiwa wawili.

Kuhusu kukaa nyumbani, mwambie hiyo ni haki yangu ya kisheria. Sweden ilianza kuwapa kina baba likizo ya mtoto mwaka 1974, kabla ya nchi nyingine yoyote. Wazazi wanapewa siku 480 wagawane, na 90 kati ya hizo ni za baba peke yake, asipozichukua zinapotea. Huko kwetu sheria inampa baba siku chache tu. Muda wote wa likizo napokea karibu asilimia 80 ya mshahara, na hapo ndipo hela ilipopungua. Rehema hajanikataza kutuma hata senti moja. Yule binti alizaa kabla ya wakati, mamake hayupo, wewe umenyimwa viza, hakupata wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumpikia uji wa pilipili manga. Kwa nini arudi darasani akiwa na aibu ya kusingiziwa?

Siku za hospitali sitazieleza tena, zimepita. Ila jambo moja hujalisikia. Rehema alipokuwa hawezi kuinuka, mimi ndiye niliyevua shati, nikawekewa mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, nikafunikwa naye blanketi. Wanaita kangaruu. Walioianzisha ni madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za kuwatunzia njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati, zilipokuwa hazitoshi. Joto la mzazi linamtosha mtoto, na mapigo ya moyo wake yanatulia. Mama, alikuwa akinipumulia hapa chini ya koo na nikasikia kwamba huyu ni wangu. Marehemu Baba uliniambia alinishika mara ya kwanza nilipotimiza siku arobaini. Simlaumu, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi hiyo arobaini sikuisubiri, na sijutii.

Sasa hilo la kukanda. Mtaani kwetu kuna ukumbi wa bure wa wazazi na watoto wachanga. Mwezi uliopita palikuwa na mafunzo ya kumkanda mtoto, mara moja kwa wiki, na kina baba tulikuwa watatu. Mwalimu alitueleza kwamba mpango huu ulipangwa na Mmarekani aitwaye Vimala McClure, ambaye miaka ya 1970 alifanya kazi kwenye nyumba ya yatima India na kuona watoto wanavyokandwa kila siku. Moyo wangu ulikwenda Chumbageni moja kwa moja! Nikamwona Bibi amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto wa Mwanaheri juu ya magoti yake, bakuli la mafuta pembeni. Nikanyoosha mkono, nikawaambia kwamba kwetu Tanga wanawake wanafanya hivi tangu zamani na hakuna aliyewapa cheti. Mwalimu akaniomba nionyeshe. Nikaonyesha mkono wa Bibi wa kushuka pajani mpaka kwenye unyayo, ule wa kuzungusha kama unakamua nguo. Akasema ndio uleule anaoufundisha.

Na kuna hili la kumfurahisha Shangazi. Mwaka 1986 watafiti wa Miami, akiwemo Tiffany Field, walichapisha habari za njiti waliokandwa dakika 15, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Waliongezeka uzito kwa asilimia 47 kuliko wenzao ambao hawakukandwa, na wakatoka hospitali siku 6 mapema. Baadaye ikaonekana kwamba mkono unaofaa ni wenye uzito wa kiasi, kwa sababu kugusa juujuu kunamtekenya mtoto na kumchosha. Kwa hiyo mkono wa Bibi haukuwa na kosa.

Ila mengine anayotaka Shangazi sitayafanya, na hapa nisimame imara. Sitamning'iniza mtoto kwa miguu. Sitamvuta pua, na utosi wake haubonyezwi. Na kumkamua chuchu kwa sababu zimevimba, hapana kabisa. Uvimbe ule unatokana na homoni za mama, unaisha wenyewe, na ukimkamua unaweza kumsababishia jipu. Nawaheshimu wazee wetu, nimewaweka mbele ya Wazungu darasani kwa fahari, lakini mwili ni wa mtoto na mwenye kujibu mbele ya Mungu ni mimi na mamake.

Ninavyofanya ni hivi. Jioni, chumba kikiwa na joto, akiwa hajatoka kunyonya sasa hivi wala hana njaa. Nasugua mafuta viganjani karibu na sikio lake asikie, kisha namwuliza, "Nikukande, Mama?" (Ndiyo, namwita Mama, jina lako siwezi kulitamka hivihivi.) Akilegeza ngumi na kunitazama, naanza na miguu. Akigeuza uso au akijikunja mgongo, naacha, hata kama nilikuwa nina hamu. Tumbo nalikanda kufuata mshale wa saa, maana utumbo mpana unakwenda njia hiyo, halafu namkunja magoti taratibu kuelekea tumboni. Chango kilichokuwa kikimliza magharibi kimepungua, riahi zinatoka, analala. Mara nyingine anacheka kabla sijamgusa, akisikia tu viganja. Hakuna mshahara unaonipa furaha hiyo.

Sasa wameniomba nije Machi nizungumze na kina baba wa Kikongo na Kirundi wanaosema Kiswahili, waliojifungia nyumbani wakidhani ukumbi ule ni wa wanawake. Nimekubali. Mwanao atasimama mbele ya watu, Mama, na cha kwanza atakachotaja ni mkeka wa Bibi.

Omari mwambie pikipiki isubiri Septemba nikirudi kazini. Laki nane sina, na asikope kwa jina langu. Ya dawa yako nimetuma laki mbili na nusu leo asubuhi, kamwulize wakala. Kesi ya shamba la Pongwe msitie sahihi chochote mpaka nizungumze na Baba Mdogo.

Mimi nakuomba kitu kimoja. Kijana wa Bi Tatu anakuja mwezi ujao. Nipikie mafuta ya nazi, chupa mbili, yale ya tui unayoyaacha motoni mpaka mashapo yageuke rangi. Natumia ya alizeti, ni mazuri kwa ngozi yake, lakini hayana harufu, na mimi ile harufu nimeikosa mno. Nataka mtoto huyu akue nayo. Usitume ya zeituni aliyosema Shangazi, hayo yanadhoofisha ngozi ya nje. Gharama ya mzigo nitalipa mimi.

Viza tutaomba tena kiangazi. Jumapili baada ya alasiri nitapiga kwa picha, mwite na Shangazi akae karibu, nitamkanda mtoto mbele yake.

Mwanao,
Idi