Usiseme "ja" kama hujaelewa

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo. Mama yako mzima, wadogo zako wazima, vuli imeanza na paa la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Wa baada ya salamu.

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu. Unasema, "Niko sawa, Baba, masomo yanaenda." Lakini kabla ya kusema "sawa" unavuta pumzi, na pumzi ile naijua vizuri, kwa sababu nami niliwahi kuivuta hukohuko uliko. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Kuna jambo sijamwambia mtu, hata bibi yako Mungu amrehemu hakulijua.

Nilifika Leipzig mwaka 1985, nchi ile ingali Ujerumani Mashariki. Karibu mwaka mzima tulifundishwa Kijerumani kwenye Taasisi ya Herder, kwenye mtaa uliopewa jina la Lumumba, tukiwa pamoja na Waangola, Wavietnam na Wacuba. Nikafaulu, nikapelekwa mji mwingine kuanza masomo yenyewe. Cheti kilisema lugha naijua. Darasani nikakuta mwalimu anazungumza huku ameelekea ubaoni, wenzangu wanaandika bila kuinua kichwa, na mimi naokota neno hapa, neno pale. Nikapata neno moja la kujifichia: *ja*, yaani ndiyo. Nikiulizwa kama nimeelewa, *ja*. Nikiulizwa kama nina swali, natabasamu.

Siku moja mwalimu akanitajia saa ya mtihani wa mdomo: *halb drei*. Akauliza kama nimeelewa. *Ja*. Mimi nilisikia nusu, nikasikia tatu, nikajua ni tatu na nusu, yaani saa tisa na nusu kwa saa zetu. Kumbe Mjerumani huhesabu nusu ya kuiendea tatu. Mtihani ulikuwa saa nane na nusu. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa na ukumbi mtupu. Nilingoja muhula mzima kuufanya tena. Na nyumbani nikaandika kwamba masomo yanakwenda vizuri, Alhamdulillahi. Barua ile bibi yako aliiweka kwenye kasha lake. Tulipokuwa tunagawa vitu vyake niliikuta, imekunjwa vizuri, nikaisoma nimesimama, nikaona haya mbele ya mama yangu ambaye hayupo tena.

Sitaki wewe uniandikie barua ya namna hiyo.

Umepata DSH-2 kwenye mtihani wa Kijerumani wa kuingilia chuo kikuu, na nilifurahi kama nimeipata mimi. Lakini fikiri jambo hili: kwenye mtihani ule, muhadhara wa kusikiliza husomwa mara mbili. Darasani husomwa mara moja, na anayesoma hakufanya mazoezi ya kutamka polepole kwa ajili yako. Kwa hiyo ukisikia nusu tu ya anayosema mwalimu, cheti chako hakikudanganya wala wewe si mjinga. Umetoka kwenye lugha ya mtihani, sasa umeingia kwenye lugha ya watu. Tena hao ni watu wa Sachsen, jimbo la Leipzig uliko, ambao K yao inalainika mpaka *Kaffee* inasikika *Gaffee*.

Nikwambie na jambo lililonichukua miaka kuling'amua. Sisi tunakanusha mwanzo kabisa. Ukisema "hatukubali", yule *ha-* ameshafika kabla hata ya kitenzi, na msikilizaji amejiandaa. Mjerumani anaweza kukupeleka mbali na sentensi yake, unaandika, unaandika, halafu karibu na mwisho anaweka *nicht*, yaani "si". Na kitenzi kizima pengine kinakungoja mwisho, au nusu yake: kwa *anfangen*, kuanza, anatanguliza *fange*, na ile *an* inakuja baadaye sana, wewe umeshachoka kusikiliza. Sikio letu limezoea kupata kila kitu mapema, nani, lini, kwa nani, vyote ndani ya neno moja kama *nilikuandikia*. Kwa hiyo usikimbilie kuandika. Ngoja sentensi ifike mwisho ndipo uandike. Utaandika kidogo, lakini utakachoandika kitakuwa kweli. Na jioni usome sura ileile kwenye kitabu, kwa sababu kitabu kinakubali kurudiwa.

Kinachokufunga mdomo nakijua, nacho ni adabu. Tumekulea usimrudishe mkubwa nyuma, usimwambie "sema tena" kana kwamba amesema vibaya. Malezi hayo siyajutii. Lakini huko ukinyamaza, mtu anahesabu kwamba umeelewa, basi, anaendelea na safari yake. Hakudharau. Anaamini ungeuliza. Kwa hiyo uliza, kwa *Sie*, ile "wewe" yao ya heshima, na kwa heshima zote ulizonazo: *Entschuldigung, das habe ich nicht verstanden*, samahani, hilo sikulielewa. Na ukiona aibu kusema hivyo mbele ya ukumbi mzima, kila mwalimu ana *Sprechstunde* yake, saa ya kuonana na wanafunzi. Nenda na daftari. Mwambie kwa maneno yako ulichoelewa, halafu umuulize kama umeelewa sawasawa: *Habe ich das richtig verstanden?* Swali hili lingeniokoa muhula mzima. Ningesema tu, "saa tisa na nusu, sivyo?" naye angenisahihisha palepale.

Kuhusu fedha, usihangaike kimoyomoyo. Najua kila mwezi zikitoka zile euro 992 kwenye akaunti iliyofungwa, ile inayokuruhusu kutoa kiasi fulani tu kwa mwezi, unawaona ami zako waliochanga na kile kiwanja tulichokiuza. Kiwanja kimeuzwa na sisi tumeridhika. Sheria inakuruhusu kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, lakini nakuomba mwaka huu wa kwanza usizimalize. Na ukitafuta kazi, tafuta pale utakapolazimika kusema na watu, hata kama ni kuuza mikate. Kazi ya kupanga maboksi usiku, kila mtu na vipokea sauti masikioni, itakupa fedha na kukunyima lugha.

Jambo jingine limenijia usiku wakati wa kulala. Hapo chuoni kwako Leipzig wako Wajerumani wanaojifunza Kiswahili. Wanahangaika na ngeli kama wewe unavyohangaika na *der*, *die*, *das*. Mtafute mmoja, saa moja mzungumze Kijerumani, saa moja Kiswahili. Utakapomwona mtu mzima, tena msomi, anasema "kitabu yangu" na anasahihishwa wala hafi kwa aibu, kitu fulani ndani yako kitalegea. Miaka ya 1890 Mzanzibari mwenzetu, Amur bin Nasur, alikuwa Berlin akiwafundisha Kiswahili. Hukwenda huko mikono mitupu, mwanangu. Ulichobeba kuna watu wanakitafuta.

Desemba inakuja, jua litazama saa kumi jioni na utadhani siku imeibiwa. Mama yako amefunga iliki, mdalasini na karafuu, na kuna kijana wa hapa Mlandege anasafiri mwezi ujao, atakuletea. Pika, uwaite wenzako wa darasani. Mkiwa mmekaa na sahani ya pilau, hakuna anayekuhesabia makosa ya sarufi.

Jumamosi nitakupigia baada ya Alasiri ya huku. Usiniambie uko sawa. Nisomee sentensi tatu za wiki hii ambazo hukuzielewa, tukae nazo pamoja. Kijerumani changu kimeota kutu lakini kamusi yangu ya mwaka ule ninayo, nimeitoa kabatini leo na kuifuta vumbi.

Baba yako