Kitambulisho cha XML ni jina, si anwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwasihi waandishi wenzangu wa programu waache kosa ambalo nimelikuta hata katika kazi za watu hodari, nalo ni kuhifadhi kitambulisho cha nafasi ya majina ya XML (lugha ya kupanga data kwa alama), yaani jina linalotofautisha kundi moja la alama na jingine, ndani ya klasi (kiolezo cha aina ya data katika programu) iliyoundwa kwa ajili ya anwani za intaneti.

Chanzo cha kosa kinaeleweka, kwa kuwa kitambulisho kama http://www.w3.org/2000/svg kina sura kamili ya anwani, na zipo zana za kukagua programu zinazomwonya anayeweka URI (kitambulisho chenye muundo kama wa anwani ya intaneti) katika mfuatano wa kawaida wa herufi. Hata hivyo, kanuni iliyotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Januari 1999 inaeleza kwamba vitambulisho viwili huhesabiwa kuwa kimoja pale tu vinapolingana herufi kwa herufi. Hakuna anayetakiwa kuitembelea anwani hiyo, wala si lazima pawe na ukurasa wowote huko.

Klasi za anwani hazifuati sharti hilo. Klasi ya URL katika lugha ya programu ya Java, inapolinganisha anwani mbili, huweza kutafuta mtandaoni namba za IP za seva zake, hivyo majina mawili tofauti yakaonekana kuwa moja kwa sababu tu yanaelekea kwenye mashine ileile, na jibu likabadilika intaneti inapokatika. Klasi ya URI ya lugha hiyohiyo ina nafuu, lakini nayo hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo katika jina la seva. Klasi ya Uri ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, huongeza mkwaju (/) mwishoni pale anwani inapoishia kwenye jina la seva. Mkwaju huo mmoja ulinipotezea siku mbili, nikitafuta kwa nini nyaraka zetu zilizoandikwa vizuri zilikataliwa na mfumo uliozipokea.

Njia sahihi ipo tayari. Klasi ya QName ya Java hutunza kitambulisho kama mfuatano wa herufi, na .NET ina XNamespace, klasi mahususi kwa kazi hiyo. Anayejiundia klasi yake na aitunze thamani kama ilivyoandikwa, asiruhusu ibadilishwe, ailinganishe kwa herufi pekee, na asiihusishe na kiambishi kinachotangulia jina la elementi (kipande cha waraka wa XML), kwani kiambishi hicho mwandishi wa waraka anaweza kukibadilisha apendavyo.

Msomaji wako,
Mwandishi wa programu, Morogoro