Mdogo wangu, mchanga wa paka usiuguse

Mdogo wangu,

Simu hupokei, na ujumbe niliokutumia siku ya Idi mpaka leo una tiki moja. Nimeamua kuandika hapa, watakaopita wasome. Nawe utasoma, maana binamu zetu hawawezi kukaa na neno.

Hongera kwa ujauzito. Nilizipata habari sokoni, kwa mtu baki, nimeshika mkungu wa matoke mkononi, nikajifanya ninajua. Halafu nikaonyeshwa ile picha. Umejilaza kwenye kochi, tumbo limeanza kuchomoza, na juu yake kimelala kipaka cha rangi ya majivu ambacho sidhani kimetimiza miezi mitatu. Sikulala usiku ule.

Najua unachotaka kusema. Mara hii tena? Ndiyo, mara hii tena.

Arobaini ya Mama siisahau. Wanawake walikuwa uani wanamenya matoke, nawe umechutama kwenye mlango wa jiko na mimba ya miezi minne, unachota kwa kopo mchanga wa beseni alilojisaidia Chausiku, paka mweusi wa Mama, mikono mitupu. Mchanga ule ulikuwa na siku tatu au nne, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuutupa katika pilikapilika za matanga. Nilikunyang'anya beseni. Nilikunyang'anya kwa nguvu, nakubali, na mchanga ulimwagika kwenye kanga yako. Ukasimama, ukanitazama, ukasema mbele ya wote: "Dada, wako alikufa. Usinitafutie wangu kifo."

Visu vilinyamaza. Shangazi akasema astaghfirullah. Wewe ukaingia ndani, mimi nikabaki na beseni mkononi.

Neno lile nimelibeba mpaka leo. Ulikuwa umemuuguza Mama peke yako, nami nilikuwa Mbale kwa mume wangu, nikija Jinja mwisho wa mwezi na sukari na sabuni. Ulichoka. Ningeweza kusamehe uchovu. Lakini mtoto wangu, mdogo wangu! Wewe ndiye uliyenishika mkono mimba ilipotoka mwezi wa tano. Ulikuwepo yule muuguzi aliponiuliza swali moja tu, "Mnafuga paka?" Hakunipima, hakunieleza, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Swali lile nimelala nalo miaka saba. Ningewezaje kukuona na lile kopo nikanyamaza?

Sasa sikiliza, maana nimeuliza watu wanaojua. Nilimwendea daktari wa mifugo nikakaa naye asubuhi nzima, na mengine yalinishtua kwa sababu yalinipinga mimi.

Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma. Paka hukipata anapokula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hutoa mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi. Kwa kawaida huyatoa kwa wiki moja hadi tatu tu, pale anapoambukizwa mara ya kwanza, na wengi huambukizwa wangali wadogo, wanapoanza kuwinda. Kwa hiyo Chausiku, paka mzee aliyekula dagaa wa kupikwa na kulala kitandani kwa Mama, huenda alikuwa salama kuliko hicho kipaka chako cha juzi. Na mayai hayo hayaambukizi yakiwa mabichi. Yanahitaji siku moja hadi tano yakomae. Ndiyo maana mchanga ukitupwa kila siku hatari hupungua sana, na mchanga wa siku nne ndio wa kuogopwa. Manyoya yake wala kulala kwake kwenye tumbo si kitu kikubwa. Cha kuogopa ni mkono uliogusa mchanga kisha ukaenda mdomoni.

Uliniambia Mama alituzaa sita na paka ndani. Kweli. Lakini aliyewahi kuambukizwa kabla ya mimba kwa kawaida mwili wake hujenga kinga, na mtoto tumboni hukingika. Pengine Mama alikipata akiwa msichana shambani, akapata homa ya siku mbili akasahau. Mwenye hatari ni yule anayekipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Mimba ikiwa changa, kimelea si rahisi kupita kwenye kondo, lakini kikipita huharibu sana: mimba hutoka, au mtoto huzaliwa na maji kichwani. Mimba ikiwa kubwa hupita kwa urahisi, na mtoto anaweza kuzaliwa mzima wa kutazamwa, macho yakaja kumsumbua baadaye. Jambo la paka lenyewe wanasayansi walilithibitisha mwaka 1970 hivi. Bibi angejuaje? Alisema paka si najisi, na ni kweli, paka si najisi. Lakini kinyesi chake, je?

Kliniki watakupima virusi vya UKIMWI, kaswende na wingi wa damu. Hiki uulize mwenyewe. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama una kinga ya zamani au umeambukizwa karibuni, na dawa zipo. Mimi sikujua kuuliza.

Na nyama. Hapa ndipo daktari aliponivunja nguvu. Alisema watu wengi hukipata kwenye nyama isiyoiva, ya mbuzi, kondoo na nguruwe, na kwenye mboga zisizooshwa udongo, bila kumgusa paka kabisa. Nikakumbuka mimba yangu. Ni muchomo, nyama choma ya mbuzi, tu niliokuwa nikiutaka, kila jioni pale barabarani, kijiti kikiwa bado kina wekundu ndani, na kachumbari juu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa. Sikulaumu, hata mimi sijui kilichomtoa mwanangu, na hakuna atakayejua. Lakini usile wekundu. Mboga za majani, nakati na dodo, zioshe mara mbili, maji ya kunywa chemsha, na ukilima bustani vaa glovu.

Mchanga autupe shemeji, kila siku, bila kuruka hata siku moja. Beseni alimwagie maji yanayotokota, dawa za klorini haziui mayai hayo. Kipaka kisitoke nje kuwinda na kisipewe nyama mbichi. Ukiwa peke yako na huna budi, glovu, kisha sabuni. Sikwambii ukitupe. Sitasema hivyo tena.

Maana kuna jambo sijakwambia. Nilikudanganya kwamba Chausiku nilimpa mama mmoja wa Bugembe mwenye ghala la mahindi. Hakuna mama wa Bugembe. Nilimtia kwenye gunia siku ya pili baada ya arobaini, nikapanda boda mpaka mwalo wa Masese, nikamwacha jioni kati ya wanawake wanaoanika dagaa. Alikuwa paka wa Mama. Nilijiambia namwokoa mtoto wako, na hata leo sehemu ya moyo wangu inasema hivyo, kwani alizaliwa mzima, au sivyo? Baada ya siku tatu nilirudi kumtafuta. Nikarudi tena Ijumaa. Paka wako wengi pale, weusi pia, hakuna aliyeitikia jina.

Mwanao sijamwona ila kwenye picha. Ana paji la uso la Mama.

Glovu nimenunua pea nne, za mpira mzito. Nimempa yule dereva wa teksi jirani yetu wa Walukuba, atazifikisha Kampala Jumamosi. Ziko kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, nyeusi pamoja na dagaa wakavu, sehemu kubwa yenu, sehemu ndogo ya kipaka. Wapike kwanza. Mwambie shemeji azifuate kabla ya adhuhuri.

Dada yako