Baba, kazi yako nimeikuta makumbusho

Oakland, Jumapili jioni

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila baridi tu.

Jana mvua ilitusimamisha kazi. Yule Mmeksiko ninayepaka naye akanivusha daraja hadi San Francisco, kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa. Akasema kuna kitu fundi rangi hafai kukikosa. Kumbe ni fremu tatu za kitambaa cha kuchorea, zimebanwa ubavu kwa ubavu, kimo chake kama chako, upana karibu mita tatu. Nyeupe pepe. Hakuna mti, hakuna mtu, hakuna hata doa. Nikacheka mpaka mlinzi akanigeukia.

Kibao kinasema ni kazi ya Robert Rauschenberg, 1951. Mengine nimeelezwa na mwenzangu, maana hawa watu anawajua. Jamaa alikuwa bado mwanafunzi, Black Mountain College huko North Carolina, akachukua rangi ya kawaida ya nyumba na rola. Rola, Baba! Ile uliyoipiga marufuku kwako, ukisema asiyejua brashi si fundi. Yeye aliitaka kwa sababu hiyohiyo: mkono wake usionekane.

Basi kicheko kikaisha nikaanza kukagua, maana hapo sasa nimefika kwenye fani yangu. Nikasogea pembeni, jicho sambamba na ukuta, kama ulivyonifundisha kutafuta mawimbi. Hakuna tone lililoganda wala mstari wa rola. Penye giza ni pale tu fremu zinapokutana, vimstari viwili vyembamba kama uzi. Kazi safi. Nikaambiwa zikichafuka mwenyewe hakuona taabu zipakwe upya na mtu mwingine. Mwaka 1968 alizipaka msaidizi wake, Brice Marden, ambaye baadaye naye akawa mchoraji mwenye jina. Hilo halikunishangaza. Kwetu nani aliwahi kuuliza chokaa cha mwaka huu kimepigwa na nani, mradi nyumba inang'aa?

Bei ya vitu hivi sikuulizia, nisije Jumatatu nikamdai bosi nyongeza.

Nilipoinuka nikakuta kivuli changu kimeingia kwenye picha, kofia na yote. Mama mmoja akapita nyuma yangu na mkoba, naye akapita mle ndani. Mwanamuziki John Cage, rafiki wa huyo Rauschenberg, alizifananisha na viwanja vya ndege, wanaotua ni mwanga, vivuli na vumbi. Mwaka 1952 akatoa muziki wake ambao mpiga piano anakaa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga hata noti moja, na akasema hizo nyeupe ndizo zilizotangulia. Huo muziki bado sijauelewa, sikufichi. Lakini habari ya vivuli niliielewa palepale.

Unakumbuka ukuta wa Bibi, Pangani, siku ya kuamkia Idd? Chokaa ulikitia chumvi kishike, mimi vidole vinaniwasha, nataka kukimbilia baharini nikanawe. Nimeshakusanya ndoo, ngazi nimeilaza, wewe umekaa juu ya jiwe hutikisiki. Jua la alasiri lilikuwa limeulaza mwarobaini mzima pale ukutani, jani kwa jani, na upepo unaucheza. Nikasema Baba twende. Ukasema subiri kidogo. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa unangoja chokaa kikauke.

Nimemtumia Mama fedha kidogo, ya dawa zako na bati la jikoni. Akibakiwa na chochote anunue chokaa, ila wewe usipande ngazi. Mpe kijana wa jirani apake, wewe kaa kwenye jiwe lako.

Nisalimie wote.

Mwanao