Vitabu vya Tumaini

Kinondoni, Dar es Salaam

Mama Tumaini mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima, watoto wanaenda shule, foleni ndiyo hiyo hiyo. Ujumbe wako niliupata, nikaona nikujibu kwa barua, maana mambo ya vitabu mimi siwezi kuyamaliza kwa mistari miwili ya WhatsApp, unanijua.

Umesema Tumaini kamaliza kila chenye maandishi humo ndani, hadi majarida ya kilimo ya baba yake, na sasa usiku anajifunika shuka na simu anasoma hadithi za mtandaoni. Unataka nikutajie vitabu vyenye maadili. Hapo kwenye maadili ndipo tutakapokorofishana kidogo, shoga yangu. Mtoto wa miaka 15 anayesoma kiasi hicho ananusa mahubiri tangu ukurasa wa kwanza. Ukimpa kile ambacho kila binti aliyependa anakufa mwishoni, atakisoma akuridhishe, kisha atarudi chini ya shuka. Mtafutie kwanza cha kumkosesha usingizi. Maadili atayaokota mwenyewe humo humo.

Na hizo hadithi za simu usizidharau. Mimi mwenyewe nimo kwenye kundi moja, unalipia buku, mwandishi anarusha vipande jioni, na kila kipande kinakatika pale pale mtu ameshika kitasa cha mlango: ITAENDELEA. Tunamtukana, halafu kesho yake tunamsubiri. Sisi si tulikuwa na jarida la katuni la Sani chini ya dawati, tukicheka na Madenge na Ndumilakuwili? Na tumekua.

Kwa hiyo anza na kilicho karibu na ladha hiyo. Mtafutie Mohammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale kilitoka 1960, na Bwana Msa wake hadi leo sijaona mpelelezi wa Kiswahili wa kumfikia. Hana bastola, hakimbizani na magari. Anavuta kiko chake, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi, wenzake wanadhani amezubaa, kumbe ameshamaliza kazi. Tumaini akikipenda, kuna Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, maneno mengine yatampita. Mwache yampite, asikimbilie kamusi kila mstari. Akitaka mwendo wa kasi zaidi, wapo Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao risasi zinalia, na wanawake wamewekwa humo kama mapambo ya sebuleni. Mwulize Tumaini anawaonaje wanawake hao, utasikia maneno.

Lakini kama ungeniambia nichague kimoja tu, ningempa Siku Njema ya Ken Walibora. Najua utasema ni cha Wakenya, wamekisoma sana shuleni kwao. Kinaanzia Tanga, mama! Kongowea ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu, mama anafariki, baba hamjui, na anashika njia kuvuka mpaka kwenda kumtafuta. Ni kijana mwenye kipaji cha lugha, anapenda kusoma na kuandika, hana kitu mfukoni. Tumaini atajiona humo. Kilitoka 1996 na bado hakijachuja.

Sasa Shaaban Robert. Najua wewe ulimchukia, ulimsoma kwa ajili ya mtihani. Wiki iliyopita nilipita Posta, pale wanapotandaza vitabu vya mitumba chini, yule kijana anavifuta vumbi kimoja kimoja kwa kitambaa na nailoni iko tayari pembeni kwa ajili ya mvua. Nikaokota Kusadikika kwa elfu tatu. Mwenye nacho wa kwanza amekijaza kalamu ya bluu: "dhamira: uongozi mbaya", "tamathali!!", na ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, "SIR ANASEMA HII INATOKA". Hakuna hata sehemu moja alipoandika kwamba amefurahi. Hapo ndipo Shaaban Robert anapouawa, kwenye maswali ya fani na maudhui. Mwambie Tumaini ni kesi ya mahakamani. Karama ameshitakiwa kwa sababu ameleta elimu ya sheria katika nchi inayoelea angani, waziri anataka auawe, na yeye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo mema, wakatupwa gerezani. Mtu aliandika hayo mwaka 1951, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Ni kitabu chembamba, jioni mbili kimekwisha. Nitakutumia nakala hiyo hiyo, na kalamu yake ya bluu, acheke.

Kuna Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo pia, watakutana nacho darasani, lakini mpe mapema kabla hakijawa somo. Ni Dar hii hii: watoto wanafukuzwa shule kwa ada, wanaishia kuchakura kwenye jalala la Tabata. Mwanao hajawahi kukaa mjini, na picha anayoipata ya Dar ni ile ya video za muziki. Kimfae na kwa hilo.

Haya, tuje kwenye lile linalokutia hofu. Rosa Mistika. Shemeji akisikia jina hilo atawaka, najua, kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971 na watu wazima wakaona kinafundisha uhuni. Mimi nakiona kinawasuta wazazi. Msichana wa Ukerewe anakutwa na barua ya mvulana, baba yake Zakaria anampiga kipigo cha mbwa mwizi, basi mtoto anakua hajui kuzungumza na mwanamume isipokuwa kwa woga. Akifika bweni, mbali na macho ya baba, hana kinga yoyote. Sasa niambie, hilo la kumnyang'anya simu usiku huku hamwulizi anasoma nini lina tofauti gani? Sikulaumu. Ila kisome wewe kwanza, halafu msome naye, mkiwa jikoni au popote, na umwache aulize. Kinaishia vibaya sana, usimwachie akimalize peke yake usiku. Na kama unaona bado, subiri mwaka mmoja. Mimi wangu nilimpa akiwa kidato cha tatu.

Baada ya hapo atakuwa tayari kwa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yasmin ana miaka 15, umri ule ule wa Tumaini, ameozwa kwa mzee wa miaka 52, na anatoroka. Zanzibar ya wakoloni, siasa, mapenzi, vyote vimo na havigombani. Amil Shivji amekitolea filamu mwaka 2021, lakini kitabu kwanza, tafadhali.

Kwa Kiingereza sitasema mengi kwa sababu shule yenyewe inamsukuma huko. Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, msimulizi ni msichana wa miaka 15 mwenye baba mcha Mungu na mkali, basi inatosha, utaona mwenyewe kwa nini nimekiweka. Gurnah, yule wetu aliyepata Nobel mwaka 2021, asianze naye kwa Kiingereza. Kuna Peponi, riwaya yake Paradise kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota, inasomeka kana kwamba iliandikwa Unguja.

Jambo moja dogo: akikiacha kitabu katikati, usimsimange kwamba pesa zimepotea. Hata mimi naacha. Na hapo Songea nenda naye maktaba ya mkoa, mwandikishe, msitegemee mfuko wangu tu. Likizo ya Desemba mlete. Nitampeleka duka la vitabu la TPH pale Samora, na Maktaba Kuu ya Bibi Titi nitamwacha asubuhi nimfuate jioni, nikiwa na hakika hajaenda popote.

Mzigo nitautuma kwa basi Ijumaa: Bwana Msa, Siku Njema, Kusadikika na Rosa Mistika niliyoifunga kwa gazeti, juu nimeandika jina lako wewe, siyo lake. Nitumie namba ya simu ya atakayeupokea stendi, na jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana siku hizi hawatoi mzigo kienyeji. Nauli ya mzigo nimelipa. Wewe niletee ulezi na maharage ya huko ukija.

Msalimie shemeji, na Tumaini mwambie aniandikie mwenyewe kipi kimemchosha.

Wako,
Mama Baraka