Malalamiko kuhusu pampu ya maji isiyofaa kisima changu

Msabaha, Malindi
17 Februari 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Zana za Kilimo,
Malindi.

Bwana Meneja,

KUH: PAMPU YA PETROLI YA INCHI TATU

Tarehe 22 Januari nilinunua dukani kwenu pampu ya petroli ya inchi tatu, pamoja na mpira wake wa kunyonyea, kwa shilingi 34,000. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Tangu siku hiyo haijanipa hata kikombe cha maji, na kila nikipiga simu naambiwa "tutakurudia, mama".

Kabla sijaja kwenu nilipima kisima. Nilifunga jiwe kwenye kamba ya nailoni, nikapiga fundo kila futi tano, nikaiteremsha. Maji niliyakuta futi 38, na jiwe likagota chini futi 45. Kamba hiyo nilikuja nayo dukani. Kijana wenu akahesabu mafundo mwenyewe, kisha akanionyesha ubavuni mwa boksi palipoandikwa mita 30. "Maji yako hayafiki hata mita 12 kwenda chini, mama. Hii itarusha maji mpaka juu ya mnazi." Nikamwamini.

Kumbe hizo mita 30 ni za kusukuma. Za kunyonya zimeandikwa mstari wa chini yake: mita 8. Fundi wa hapa kwetu alinifafanulia kwamba pampu iliyowekwa juu ya ardhi haiyavuti maji. Inatoa hewa iliyomo mpirani, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyapandisha, nao mwisho wake ni kama mita 10 hata injini iwe ya trela. Mpira mlioniuzia unaonyesha ndani, basi tukamulika tochi. Maji yalipanda vizuri, yakafika kama kimo cha watu wawili chini ya mdomo wa kisima, yakasimama hapo yakitetemeka.

Na hata yangefika! Boksi linasema lita 1,000 kwa dakika. Kisima changu kina upana wa futi nne na maji ya futi saba, yaani kama lita 2,500. Dakika mbili na nusu kingekuwa kikavu. Mashine hii ni ya wenzetu walio ukingoni mwa Mto Sabaki, ambako maji ni mengi na yako karibu, na kwao nadhani ni mashine nzuri kweli. Mimi nina nusu ekari ya mchicha, tungule na mabiringani. Nilichohitaji ni pampu ndogo ya kuzama, ya sola, inayosukuma kidogo kidogo kutoka chini mchana kutwa. Mlikuwa nazo mbili, rafu ya nyuma ya kaunta. Nimeziona kwa macho yangu.

Lililonifanya niandike badala ya kupiga simu tena ni hili. Tarehe 3 Februari fundi wenu aliniambia nijenge kijukwaa ndani ya kisima, niishushe pampu futi 20. Injini ya petroli shimoni! Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, na mle ndani haina pa kutokea. Anayeshuka kuizima huenda asipande tena. Mwanangu alikuwa ameshaanza kutafuta mbao. Nakuomba umkanye fundi huyo leo hii, kabla hata ya kushughulikia habari yangu.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, kifaa kifae kazi hiyo. Mimi nilieleza, kamba mkononi. Kwa hiyo ichukueni pampu yenu, mnipe ya kuzama na paneli zake, tofauti ya bei nitalipa; au mnirudishie shilingi 34,000 zote. Nawapa siku 14. Pampu ni safi, petroli nimeimwaga, boksi lipo. Usafiri ni juu yenu.

Kaskazi hii tungule zangu nazinywesha kwa ndoo, na kamba ni ileile yenye mafundo. Mkija kuchukua mali yenu, msiniite kutoka barabarani, sitasikia. Piteni moja kwa moja mpaka kisimani.

Mteja wenu,
Mkulima wa Msabaha