Tangazeni saa za majibu, si wingi wa sampuli

Mhariri,

Kila maradhi mapya yanapobisha hodi, wakubwa hutangaza kwanza idadi ya sampuli zitakazochukuliwa kwa siku. Mwaka 2020, wakati wa Korona, malori yalipanga foleni ya kilomita nyingi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, madereva wakisubiri majibu. Kumpitishia mtu kijiti puani ni kazi ya dakika moja. Kinachochelewa ni yote yanayofuata.

Tupige hesabu. Sahani ya mashine ya PCR, ile inayotafuta chembe za urithi za kirusi kwenye sampuli, ina vishimo 96. Viwili huwekewa vipimo vya kuhakiki, wanabaki watu 94. Tangu kufungua vichupa hadi kusoma majibu ni saa tano hivi, kwa hiyo maabara yenye mashine moja na zamu tatu hupima watu 282 kwa siku. Kituo cha mpakani kikiipelekea sampuli 600 kwa siku, kila siku 318 zinalala. Siku ya nne zimerundikana 1,272, na sampuli haifai kukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8 zaidi ya saa 72. Baada ya hapo inahitaji nyuzi 70 chini ya sifuri, jokofu ambalo vituo vingi vya mpakani havina.

Kuongeza mashine pekee hakutoshi. Vitendanishi, yaani kemikali za maabara, vya kutoa chembe za urithi za kirusi kwenye sampuli huagizwa kando na vile vya PCR. Vikiisha, mashine inakaa bure.

Suluhisho moja ni kuchanganya sampuli za watu kadhaa na kuzipima pamoja, kama Rwanda ilivyofanya. Maambukizi yakiwa asilimia 1, watu 1,000 wakipimwa kwa makundi ya kumi, vinatosha vipimo 200 hivi: 100 vya makundi, na vingine kama 96 vya kumrudia mtu mmoja mmoja katika makundi yaliyokutwa na kirusi. Lakini maambukizi yakifika asilimia 10, vinahitajika vipimo 750, na kazi ya kuchanganya inakula muda uliookolewa. Tena sampuli ikichanganywa na nyingine tisa, kirusi kinapungua mara kumi. Mwenye kirusi kidogo anaweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo ukubwa wa kundi upangwe upya kila wiki kwa takwimu za kituo husika.

Hasara inayouma zaidi ni ya uzembe: jina kwenye kichupa halilingani na fomu, au kifuniko kimelegea na maji yamevuja. Stika tatu zenye namba moja zichapishwe mapema: ya kichupa, ya fomu na ya karatasi anayobaki nayo dereva. Namba ya simu iandikwe ile itakayopatikana ng'ambo ya mpaka.

Wizara za afya za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikitoa takwimu za kila siku, zitoe pia, kwa kila kituo, saa zilizopita tangu sampuli kuchukuliwa hadi mwenyewe kupata jibu.

Wataalamu wa maabara,
Busia